Mwongozo Kamili wa Kuingiza Data za Gemu Kubwa Kwenye Folda Sahihi ya Simu

Hapa Tanga, kuanzia kwa mafundi simu wa Ngamiani mpaka stesheneri za Chumbageni, lalamiko ni lile lile: gemu limeshaingia, ikoni inaonekana, lakini ukilifungua linadai lishushe GB mbili nyingine wakati data zake zimo ndani ya simu hiyo hiyo. Mtu anaingia mfukoni tena, ananunua bando, anashusha kitu ambacho tayari anacho. Fedha hiyo inaniuma hata kama si yangu, maana mara nyingi data ni nzima kabisa. Kilichokosewa ni mahali zilipowekwa, au jina limezidi au limepungua herufi.

Shika jambo hili kabla ya mengine yote: gemu halipekui simu nzima kutafuta mzigo wake. Linakwenda kwenye anwani moja, linatafuta faili lenye jina moja, na lisipolikuta linahesabu kwamba hakuna kitu. Ukiijua anwani hiyo, huhitaji kumlipa mtu akuingizie gemu, na data zilizoshushwa mara moja zinaweza kutumika kwenye simu za nyumba nzima.

Mzigo wenyewe ni nini

Gemu kubwa la Android mara nyingi lina sehemu mbili. Ya kwanza ni APK, yaani programu yenyewe inayosakinishwa na kuweka ikoni kwenye kioo. Ya pili ni mzigo: ramani, picha, sauti, video, viwanja, jezi. Mzigo huo ndio wenye uzito, na kwa magemu mengi unafungwa kwenye faili lenye mkia wa .obb.

Mpangilio huu ulianza Machi 2012. Play Store wakati huo ilikuwa inapokea APK isiyozidi MB 50, na magemu yalishaanza kuwa makubwa kuliko hapo. Google ikawaruhusu watengenezaji waambatishe mafaili mawili ya ziada, kila moja mpaka GB 2. La kwanza huitwa main, nalo ndilo mzigo mkuu. La pili huitwa patch, ni la nyongeza na marekebisho, na si kila gemu linalo. Tangu Agosti 2021 programu mpya zinazoingia Play Store zinafungwa kwa mfumo mwingine, kwa hiyo ukikutana na gemu jipya lisilo na OBB, usihangaike kuitafuta.

Anwani na jina

Anwani ni hii:

Hifadhi ya ndani / Android / obb / jina la ndani la gemu / faili la .obb

Jina la ndani si lile unaloliona chini ya ikoni. Ni utambulisho ambao mtengenezaji alilipa gemu lake, na simu inaujua huo tu. Kwa magemu yanayochezwa sana mitaani kwetu, majina hayo ni haya:

PUBG Mobile: com.tencent.ig
Free Fire: com.dts.freefireth
Free Fire MAX: com.dts.freefiremax
eFootball: jp.konami.pesam
Call of Duty: Mobile: com.activision.callofduty.shooter
GTA: San Andreas: com.rockstargames.gtasa

Yatazame vizuri. La eFootball halina neno eFootball popote. Limebaki na jina la enzi za PES. Free Fire na Free Fire MAX yanafanana machoni, lakini kwa simu ni magemu mawili tofauti, na data za moja ukiziweka kwenye folda ya jingine hazitasomwa. PUBG nayo ina toleo la Korea linaloitwa com.pubg.krmobile, kwa hiyo mtu akikupa data za PUBG muulize ni za toleo lipi.

Gemu lako likiwa halimo humo, jina lake unalipata bila kushusha chochote. Fungua Play Store kupitia kivinjari, si kupitia programu yake, tafuta gemu, kisha soma anwani ya ukurasa juu kabisa. Baada ya herufi id= kuna jina la ndani, kamili. Likopi. Usilichape kwa mkono, maana nukta moja ikipotea kazi yote imeharibika.

Sasa jina la faili lenyewe. Linafuata umbo hili:

main.1234.com.mfano.gemu.obb

Neno main, nukta, namba, nukta, jina la ndani, halafu .obb. Namba iliyo katikati inawachanganya wengi. Watu huifananisha na toleo linaloonekana kwenye setingi za simu, kama 3.2.0, wakidhani lazima vilingane. Havilingani. Ile ni hesabu ya ndani ya mtengenezaji, na faili la main linaweza kubaki na namba ya zamani hata APK ikisonga mbele, mradi mzigo wenyewe haujabadilishwa. Kwa hiyo usibadilishe namba hiyo kwa kubahatisha. Dawa ni moja: chukua APK na OBB kutoka chanzo kimoja, kwa siku moja. Ukipokea APK kwa rafiki wa Raskazone na OBB kwa binamu wa Muheza aliyeishusha mwaka jana, zinaweza kukataana hata kama kila moja ni nzima.

Kabla hujagusa waya

Angalia nafasi kwanza. Data za GB 2 zikiwa zimefungwa kwenye zip, yaani faili moja lililobana mengine ndani yake, zinahitaji GB 2 za zip yenyewe na GB 2 nyingine za kilichomo ndani yake, na hapo hujahesabu gemu. Kwenye simu ya GB 32 iliyokwisha kujaa picha za harusi na video za WhatsApp, hiyo ni nafasi kubwa. Kama una kompyuta karibu, fungua zip huko huko, kisha upeleke kwenye simu faili la .obb peke yake.

Pili, pima faili kwa baiti. Faili la baiti 2,000,000,000 simu nyingi zitaliandika GB 2.00, lakini Windows italiandika GB 1.86, kwa sababu Windows inagawa kwa 1024 na simu hizo zinagawa kwa 1000. Watu wameshafuta mafaili mazima wakidhani yamekatika njiani. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya faili, fungua sifa zake, utaona ukubwa kwa baiti. Iandike namba hiyo mahali, utaihitaji mwishoni.

Tatu, ijue Android yako. Ingia kwenye setingi, nenda kuhusu simu, usome toleo. Kama ni 10 au chini ya hapo, kazi yako ni nyepesi. Kama ni 11 au zaidi, kuna ukuta, na nitaueleza kwa urefu hapo chini.

Na chaji. Usianze na asilimia kumi. Kama unatumia kompyuta ya mezani isiyo na betri, na umeme wa mtaa wako una tabia ya kukatika jioni, tumia kompyuta mpakato. Faili lililokatika katikati huwa na jina sahihi na sura ya faili zima, ndiyo maana linapoteza muda wa watu.

Kufikisha faili kwenye simu

Bluetooth iache kwa nyimbo na picha. Kasi yake ya kweli ni kama megabiti mbili kwa sekunde, na kwa GB 2 hiyo ni zaidi ya saa mbili simu zikiwa zimelala pamoja mezani.

Simu kwa simu, tumia Quick Share au Xender, ambazo hupitisha mafaili kwa Wi-Fi ya moja kwa moja bila kula bando. Zima data ya simu kabla ya kuanza ili kusiwe na matangazo wala masasisho yanayojipenyeza. Ukipokea, faili huingia kwenye folda ya programu hiyo au ya mafaili yaliyoshushwa. Hapo bado hujamaliza. Faili limefika mjini, halijafika nyumbani kwake.

Kwa waya ndiyo njia ninayoipenda. GB 2 zinapita kwa dakika chache na unaona kila kitu kwenye kioo kikubwa. Lakini hakikisha waya wako unabeba data. Nyaya nyingi za bei ya chini zinazouzwa barabarani zina njia za umeme tu: simu inachaji, kompyuta haioni kitu, na mwenye simu anadhani tundu limeharibika. Jaribu waya mwingine kabla ya kumtafuta fundi.

Memori kadi inasaidia sana kutuma data kwa mtu aliye mbali, Pangani au Lushoto, kwa kumpa anayesafiri. Ina mtego mmoja: kadi na flashi zilizofomatiwa kwa FAT32 hazikubali faili moja linalofika GB 4. Utaona ujumbe kwamba faili ni kubwa mno wakati kadi ni ya GB 64 na iko tupu. Ifomati kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, kwani kufomati kunafuta vyote.

Ukitumia kompyuta ya stesheneri, jihadhari na virusi vya flashi, vile vinavyoficha folda zako na kuweka ikoni za njia ya mkato mahali pake. Ukiona folda zako zote zimegeuka hivyo, usizibofye. Data zako hazijafutwa, zimefichwa. Zipeleke kwenye kompyuta yenye kinga zikasafishwe.

Simu za Android 10 kurudi nyuma

Sakinisha gemu, lakini usilifungue. Ukilifungua kabla ya data kufika, litaanza kushusha lenyewe na kuacha faili nusu lenye jina lile lile.

Fungua meneja wa mafaili wa simu. Lishike faili la .obb, chagua kuhamisha. Nenda hifadhi ya ndani, ingia Android, ingia obb. Kama folda ya jina la ndani haipo, itengeneze na uipe jina ulilokopi. Ingia ndani yake, bandika. Chagua kuhamisha badala ya kukopi kama faili liko kwenye hifadhi hiyo hiyo: kuhamisha ni haraka na hakuhitaji nafasi mara mbili. Kama linatoka kwenye kadi, kopi kwanza, thibitisha baiti, ndipo ufute la kwenye kadi.

Wengine hupenda kuacha data kwenye kadi ili kuokoa hifadhi ya ndani. Magemu mengi hayasomi huko. Weka ndani, na kama nafasi ni finyu hamisha picha na video ziende kwenye kadi.

Simu za Android 11 kwenda mbele

Tangu Android 11, iliyotoka 2020, programu haziruhusiwi tena kuingia kwenye folda za Android/data na Android/obb za programu nyingine. Sababu ni nzuri: kabla ya hapo, tochi yoyote uliyoipa ruhusa ya hifadhi ingeweza kusoma mafaili ya programu zako nyingine yaliyomo kwenye folda hizo. Lakini matokeo yake ni kwamba meneja wa mafaili wa simu yako anaweza kukuonyesha folda ya obb ikiwa tupu, au akakataa kubandika. Watu hulaumu simu au data. Ni ukuta tu, na una milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni kompyuta na waya, nao ndio wa uhakika zaidi. Fungua kioo cha simu, chomeka waya, shusha pazia la taarifa juu ya kioo, gusa taarifa ya USB, uchague kuhamisha mafaili. Kwenye simu nyingi pameandikwa “File transfer”. Simu ikiwa imefungwa, kompyuta itaiona tupu. Kwenye Windows ingia kwenye jina la simu, hifadhi ya ndani, Android, obb. Hapo folda unaziona hata kama ndani ya simu zimefichwa. Tengeneza folda ya jina la ndani kama haipo, kopi faili, usichomoe mpaka mstari wa maendeleo uishe na dirisha lijifunge. Anayetumia Mac atahitaji programu ya ziada ya kuhamisha mafaili ya Android, maana Mac peke yake haiisomi simu kwa njia hii.

Mlango wa pili ni programu ya kufungulia zip yenye ruhusa ya kusakinisha. Android huipa programu iliyoruhusiwa kusakinisha APK uwezo wa kuandika kwenye folda ya obb, kwa sababu msakinishaji ndiye anayepaswa kuweka mzigo. Mafundi wengi hutumia ZArchiver. Isakinishe kutoka Play Store, ipe ruhusa ya mafaili yote, kisha ingia kwenye setingi za simu, kwenye ruhusa ya kusakinisha programu zisizojulikana, uiwashe kwa ZArchiver. Ifunge kabisa na uifungue upya. Ruhusa hii haianzi kazi mpaka programu ianze upya, na wengi hukwama hapa. Ukiingia tena utaweza kubandika kwenye obb. Ukishamaliza, rudi uizime ruhusa ya kusakinisha. Haina haja ya kubaki wazi.

ZArchiver ina faida nyingine: inafungua zip moja kwa moja kwenye folda unayotaka, kwa hiyo huhitaji kulifungua faili kwanza huku na kulihamisha baadaye kule. Kwa simu yenye nafasi ndogo, hilo peke yake linaweza kuamua kama gemu litaingia au la.

Mlango wa tatu ni amri ya adb, chombo cha Google cha kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, kwa wanaojiweza kidogo. Kwenye setingi nenda kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara saba, chaguo za wasanidi zitatokea, washa utatuzi wa USB. Kwenye kompyuta pakua kifurushi cha Google kiitwacho platform-tools, fungua dirisha la amri ndani ya folda yake, andika:

adb push main.1234.com.mfano.gemu.obb /sdcard/Android/obb/com.mfano.gemu/

Weka majina ya gemu lako. Amri hii haina longolongo: inakuonyesha asilimia, na ikishindwa inasema imeshindwa. Zima utatuzi wa USB ukimaliza, hasa kama kompyuta si yako.

Ikitokea folda uliyoitengeneza mwenyewe gemu halitaki kuisoma, ifute. Fungua gemu mara moja data ya simu ikiwa imezimwa ili litengeneze folda yake, lifunge kwa kulilazimisha kusimama kupitia setingi, futa faili lolote nusu lililoachwa humo, kisha weka lako.

Likikataa

Juzi kijana mmoja wa Makorora alikuja na simu ya dada yake, amekata tamaa.

“Shikamoo kaka. Nimeweka kila kitu, bado linaniambia nishushe.”

“Marahaba. Hebu fungua obb nione.”

Akafungua. Folda com.tencent.ig ipo. Ndani yake, folda nyingine, com.tencent.ig. Faili limo kwenye ile ya pili. Zip ilikuwa imebeba folda yake, naye alishatengeneza folda kabla ya kuifungua. Tukalitoa faili nje hatua moja, tukafuta folda ya ndani, gemu likafunguka bila kudai hata MB moja.

Hilo ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote, kwa hiyo anza hapo. Halafu soma jina la faili herufi kwa herufi. Faili likishushwa mara mbili, kivinjari huliongezea alama ya (1) kabla ya mkia, na gemu halilitambui. Windows nayo huficha mikia ya mafaili: unaona .obb kumbe kwa kweli ni .obb.zip, au mtu ameongeza .obb juu ya .obb iliyojificha. Kwenye dirisha la mafaili la Windows washa kuonyesha mikia, utaona jina la kweli.

Gemu likifunguka, likafika katikati ya kupakia na kujifunga, hapo anwani ni sahihi na tatizo ni uzima wa faili. Toa ile namba ya baiti uliyoandika, linganisha. Zikipishana hata kwa baiti moja, faili limekatika. Likopi upya kutoka kwenye chanzo, usilishushe upya. Baiti zikilingana na bado unashuku, kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Fanya hivyo kwa faili la chanzo na kwa lile lililofika. Mistari miwili ya herufi ikifanana, faili ni lile lile, na tatizo liko kwenye APK.

Kioo kubaki cheusi kwenye magemu ya zamani mara nyingi ni ruhusa. Uliulizwa kama gemu lisome mafaili, ukakataa haraka haraka. Ingia kwenye setingi, programu, gemu lako, ruhusa, uwashe hifadhi.

Ujumbe kwamba huenda hujalinunua gemu huweza kutokea kwa magemu ya kulipia: limetafuta OBB, limekosa, limekwenda kuuliza dukani na duka halikutambui. Kama ulilinunua, ingia kwenye akaunti uliyolinunulia. Kama hukulinunua, linunue. Nasema hivyo kwa moyo wote, na sababu si haki ya mtengenezaji tu. APK zilizovunjwa zinazozunguka kwenye makundi zinaweza kuwa zimebebeshwa kitu kingine, na simu zetu ndizo pochi zetu. Gemu la mpira likikuomba kusoma SMS zako, likatae na ulifute papo hapo. Halina kazi na SMS, isipokuwa kutafuta ujumbe wa pesa za simu.

Na APK ikikataa kusakinishwa kabisa baada ya kuipokea kutoka simu nyingine, huenda imekatwa. Magemu ya siku hizi husakinishwa vipande vipande kulingana na simu, na programu ya kurushia mafaili ikituma kipande kimoja, kilichobaki hakipo. Hapo data haziwezi kukusaidia mpaka upate APK kamili.

Si kila faili kubwa linakwenda obb

Faili la XAPK ni zip lenye APK, na mara nyingine OBB pia. Badili mkia wake uwe .zip au lifungue na ZArchiver, utakuta APK na, kama lina OBB, folda ya Android/obb iliyopangwa tayari. Sakinisha ya kwanza, hamisha ya pili.

Magemu mengine huweka mzigo kwenye Android/data, folda ya files. Genshin Impact ni mfano, jina lake com.miHoYo.GenshinImpact. Ukuta wa Android 11 unaihusu folda hiyo pia, na kule ule mlango wa pili haufungui, tumia waya.

PPSSPP haihusiki na obb hata kidogo, na naona watu wanalazimisha. Ile ni programu ya kuchezea magemu ya PSP, na gemu lenyewe ni faili la ISO au CSO lisilozidi kama GB 1.8, kwa kuwa diski ya PSP ilikuwa na ukubwa huo. Weka ISO kwenye folda yoyote unayoikumbuka, fungua PPSSPP, ielekeze kwenye folda hiyo. Kama ulichopokea ni .7z au .rar, kifungue kwanza. Michezo uliyohifadhi inakaa kwenye PSP/SAVEDATA, kopi folda hiyo ukibadili simu.

Kwenye iPhone hakuna folda ya namna hii ya kuingiza data kwa mkono. Gemu hushushwa App Store, basi.

Data zisifutike

Ukiondoa gemu, Android inafuta na folda yake ya obb. Ndivyo watu wanavyopoteza GB 2 kwa kutaka tu kusakinisha upya APK iliyoharibika. Kabla ya kuondoa, ibadilishe jina folda: ongeza namba mwishoni, mfano com.tencent.ig1. Simu haitaitambua, haitaigusa. Ondoa gemu, sakinisha upya, rudisha jina lilivyokuwa kabla ya kufungua.

Kilicho salama zaidi ni kuweka nakala nje ya simu. Kopi APK na OBB kwenye folda moja ya kompyuta au kadi, uipe jina la gemu pamoja na mwezi na mwaka ulioishusha, na ndani yake uweke faili dogo la maandishi lenye jina la ndani na namba ya baiti. Anayefuata kuomba data hizo, awe mdogo wako au jirani, mpe folda nzima pamoja na lile faili la maandishi, si OBB peke yake.